Je, Yafaa Kukichoma Kitabu cha Jirani?



Mwalimu mmoja wa usharika ulio mbali na hapa ameniletea barua, naye ameniuliza neno ambalo sikuweza kulijibu siku ile ile. Asema: "Mchungaji, kwetu mzee mmoja amebatizwa pamoja na mkewe. Katika sanduku lake mna vitabu vitatu vya dini yake ya kwanza, alivyoachiwa na baba yake. Wazee wengine wa kanisa wasema vichomwe mbele ya watu wote, ili ijulikane kwamba ameyaacha ya kale. Mzee mwenyewe ananyamaza. Nao jirani zetu wa dini ile wametuma mtu kuviomba. Je, tuvichome, au tuwape, au tuviweke? Tafadhali utujibu, maana watu wamegawanyika."

Nimekawia kumjibu, kwa kuwa jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Si habari ya vitabu vitatu tu. Ni habari ya namna tunavyomtendea mtu ambaye hatupatani naye katika jambo lililo kubwa kuliko yote. Nimeona ni heri nijibu katika gazeti hili, wote wasikie; wala nisijibu kwa mawazo yangu tu, bali kwa mambo yaliyokwisha kutendeka. Maana Wakristo wamekwisha kuchoma vitabu vya jirani zao, tena si mara moja, na waliopatwa na taabu hiyo mara nyingi ni Wayahudi. Kwa habari zao matunda ya moto huo yamekwisha kuonekana, nasi twaweza kuyapima.

Kwanza yatupasa kujua ni vitabu gani. Kila msomaji ajua ya kuwa Torati, Manabii na Zaburi tulivipokea kutoka kwa Wayahudi. Lakini wengi wetu hawajui kwamba wanacho kitabu kingine kikubwa, jina lake Talmudi. Warumi walipolibomoa hekalu la Yerusalemu mwaka 70, hapakuwa tena na madhabahu wala dhabihu. Walimu wa Wayahudi wakajiuliza: Sasa tutaishikaje Torati? Wakayakusanya mafundisho waliyoyapokea kwa mdomo, mwanafunzi kwa mwalimu wake, ya habari za sala, na sabato, na ndoa, na mashamba, na madeni, na hukumu. Karibu na mwaka 200 mwalimu wao mkuu aliyeitwa Yuda, huko Galilaya, aliyapanga katika mafungu sita. Mkusanyo huo huitwa Mishna. Baadaye walimu wa Galilaya na walimu wa Babeli waliijadili Mishna neno kwa neno kwa vizazi vingi, na majadiliano yao yakaandikwa. Mishna pamoja na majadiliano hayo ndiyo Talmudi. Ile ya Babeli ndiyo iliyo kubwa. Ikipigwa chapa huwa karatasi 2,711, na kila karatasi ina kurasa mbili.

Mtu akiufungua ukurasa wake hustaajabu. Katikati yamo maneno ya Mishna na majadiliano yake. Upande mmoja yamo maelezo ya mwalimu Rashi, aliyekaa Troyes katika nchi ya Ufaransa akafa mwaka 1105. Upande wa pili yamo maneno ya wajukuu wake na wanafunzi wao, ambao mara nyingi humpinga babu yao. Basi ukurasa mmoja ni kama baraza la wazee: huyu asema, yule ajibu, wa tatu akumbusha neno la marehemu, wote wameketi pamoja, ingawa mmoja aliishi miaka elfu baada ya mwenzake.

Liko jambo moja katika kitabu hicho ambalo nataka mlishike, kwa sababu nitalirudia. Karibu na wakati wa Bwana Yesu zilikuwako nyumba mbili za walimu, nyumba ya Hileli na nyumba ya Shamai. Walibishana katika mambo mengi sana, na mwisho wake shauri la nyumba ya Hileli ndilo lililofuatwa karibu katika yote. Lakini maneno ya nyumba ya Shamai hayakufutwa. Yameandikwa hata leo kando ya yale yaliyoshinda. Mishna yenyewe yauliza: Mbona twaliandika neno la mmoja, nao wengi wamelikataa? Nayo yajibu kwamba huenda siku moja baraza jingine likaliona neno lile kuwa jema, likapata mahali pa kulitegemeza. Tena Talmudi yasema sababu ya nyumba ya Hileli kupewa ushindi: walikuwa wapole, wakayafundisha maneno ya wapinzani wao pamoja na ya kwao wenyewe, hata wakayatanguliza yale ya wapinzani.

Basi kitabu hiki, kilicholihifadhi hata neno la aliyeshindwa, ndicho kilichotiwa motoni. Mwaka 1236 mtu mmoja aliyeitwa Nicholas Donin, Myahudi aliyebatizwa, alimwendea Papa Gregory IX na mashtaka 35 juu ya Talmudi. Mwaka 1239 Papa aliandika barua kwa wafalme na maaskofu kwamba vitabu vya Wayahudi vikamatwe na kuchunguzwa. Louis IX, mfalme wa Ufaransa, ndiye aliyeishika amri hiyo kwa bidii. Mwaka 1240, siku ya sabato, Wayahudi walipokuwa katika masinagogi yao, vitabu vyao vilichukuliwa. Rabi Yehieli wa Paris aliitwa kujibu mashtaka, naye akajibu. Lakini ni vigumu mtu kushinda daawa ikiwa hakimu ndiye mshtaki. Mwaka 1242 magari 24 ya kukokotwa, yamejaa vitabu, yaliletwa uwanjani katika mji wa Paris, na vitabu vyote vikateketezwa.

Fikirini, ndugu zangu. Kupiga chapa kulikuwa hakujajulikana Ulaya wakati huo. Kila kitabu kilikuwa kimeandikwa kwa mkono juu ya ngozi, kazi ya miezi mingi ya mtu aliyeinama mpaka mgongo ukamwuma. Mwalimu mmoja, Meir wa Rothenburg, alitunga maombolezo ya msiba ule, na Wayahudi huyasoma hata leo siku ile wanapoliomboleza hekalu lao. Wala hasara ile haijakwisha. Wataalamu wa siku hizi wanaotafuta kujua Talmudi ya Babeli ilivyoandikwa zamani wanayo nakala moja tu ya mkono iliyo karibu kuwa kamili. Iliandikwa mwaka 1342, nayo yatunzwa Munich katika Ujerumani. Zilizosalia ni nakala za sehemu sehemu tu, na vipande. Tena vipande vingi vimeonekana ndani ya majalada ya vitabu vingine, kwa kuwa wafunga vitabu walizikata zile ngozi zilizoandikwa, wakazitumia kama vitambaa vibovu. Leo watu wenye elimu wanayafungua majalada hayo polepole ili wasome nusu ya mstari.

Yaliyofuata yatuhusu sisi Walutheri zaidi. Mwaka 1509 Johannes Pfefferkorn wa Cologne, naye Myahudi aliyebatizwa, alipata amri ya Kaizari Maximilian ya kuvikamata vitabu vya Wayahudi, akaanza kuvichukua katika mji wa Frankfurt. Baadaye Kaizari akaona afadhali awaulize wenye elimu kwanza. Mwaka 1510 viliulizwa vyuo vikuu vinne, yaani Mainz, Cologne, Erfurt na Heidelberg, na watu wengine wachache. Katika wote mmoja tu alisimama akasema waziwazi kwamba vitabu hivyo visiharibiwe. Huyo ndiye Johannes Reuchlin, mwanasheria.

Reuchlin hakuwa mfuasi wa dini ya Kiyahudi. Alikuwa Mkristo, alitaka Wayahudi wamjie Kristo. Lakini alikuwa amejifunza Kiebrania kwa mganga Myahudi wa Kaizari, na mwaka 1506 alipiga chapa kitabu cha kuwafundisha Wakristo lugha hiyo. Majibu yake yalikuwa ya mtu aliyezoea kupima ushahidi. Alisema vitabu vya Wayahudi si vya namna moja. Akavitenga mafungu saba, na kila fungu akalipimia hukumu yake. Kama kipo kitabu cha matukano tu, na kiangaliwe, na kikionekana hivyo kihukumiwe, akavitaja viwili. Lakini vingine vyote viachwe. Kwa habari ya Talmudi alikiri wazi kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuipata aisome. Basi awezaje mtu kuihukumia moto asichokisoma? Tena alisema Wayahudi wako chini ya sheria za dola kama raia wengine, na mali yao si ya kunyang'anywa. Mwisho akatoa shauri ambalo kwangu ni la ajabu: badala ya kuvichoma, kila chuo kikuu cha Ujerumani kiwe na walimu wawili wa Kiebrania kwa muda wa miaka kumi, nao Wayahudi waazime vitabu vyao kwa dhamana. Yaani, wengine walileta kuni, yeye akaomba walimu.

Kwa maneno hayo aliteswa kwa mashtaka karibu miaka kumi, na mwaka 1520 Papa Leo X alilihukumu andiko lake. Luther, alipokuwa bado mtawa kijana, alikuwa upande wa Reuchlin, akamtetea katika barua ya mwaka 1514. Wala si ajabu, maana Luther alikula katika shamba lile lile. Alijifunza Kiebrania katika kitabu cha Reuchlin. Alipotafsiri Agano la Kale alitumia Biblia ya Kiebrania iliyopigwa chapa Brescia mwaka 1494 na Myahudi, Gershom Soncino. Alisoma maelezo ya Nicholas wa Lyra, na huyo Nicholas alikuwa amechota maji mengi katika kisima cha Rashi. Hata zile nukta na vistari vidogo vinavyoonyesha jinsi neno la Kiebrania litakavyotamkwa viliwekwa na waandishi wa Kiyahudi waliokaa Tiberia kando ya bahari ya Galilaya, zaidi ya miaka elfu iliyopita. Watu hao walihesabu hata maneno ya Maandiko, lisipotee moja. Walutheri walipoipokea Biblia nzima kwa Kijerumani mwaka 1534, waliipokea juu ya mabega ya watu hao.

Nakumbuka nilipokuwa katika seminari nilimwuliza mwalimu wetu, "Nukta hizi nani aliziweka?" Akanijibu, "Watu waliokufa bila kukujua, na bila hao usingelijua jina la nabii hata mmoja kwa usahihi." Neno lile lilinikaa moyoni, lakini, kama mtakavyoona, halikunifundisha upesi.

Sasa nafika mahali ambapo naona haya kuandika. Lakini kuficha ni kushuhudia uongo. Mwaka 1523 Luther aliandika kitabu kidogo kuwasihi Wakristo wawatendee Wayahudi kwa wema. Miaka 20 ikapita. Alizeeka, akachukizwa kwamba Wayahudi hawakuifuata Injili kama alivyotumaini. Mwaka 1543 akaandika kitabu kingine, na ndani yake aliwapa watawala mashauri haya: masinagogi yachomwe, nyumba za Wayahudi zibomolewe, vitabu vyao vya sala na Talmudi vichukuliwe, na walimu wao wakatazwe kufundisha. Huyo ndiye aliyemtetea Reuchlin. Huyo ndiye ambaye vitabu vyake mwenyewe vilichomwa Leuven na Cologne mwaka 1520. Alijua moshi wa kitabu chake unavyonuka, hata hivyo akatamani kuwasha moto chini ya kitabu cha mwingine.

Ninyi walimu mnaowafundisha watoto wa kipaimara mwajua maelezo ya amri ya nane katika Katekisimo Ndogo. Tumefundishwa humo kwamba kutomshuhudia jirani uongo si kunyamaza tu. Yatupasa kumtetea, kumsema vema, na kuyaelekeza mambo yake yote upande ulio mwema. Mafundisho hayo ni ya Luther, mwaka 1529. Basi mkiulizwa, "Mlutheri aweza kusema Luther alikosa?" jibuni, "Aweza, tena Katekisimo ya Luther ndiyo inayomhukumu Luther." Hatukubatizwa kwa jina lake.

Maneno yakiandikwa hayafi. Yalikaa kama kuni kavu chini ya uchaga, yakingoja mtu wa kuzichukua. Tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi wa vyuo vikuu katika Berlin na miji mingine ya Ujerumani walichoma hadharani vitabu vya Wayahudi na vya watu wengine waliochukiwa na serikali ya Hitler. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938 masinagogi zaidi ya elfu yalichomwa au kuharibiwa katika nchi ile, na gombo za Torati zikatupwa njiani. Tarehe 10 Novemba ni siku aliyozaliwa Luther. Askofu mmoja wa Kilutheri, Martin Sasse wa Thuringia, aliyatoa tena maneno ya Luther juu ya Wayahudi katika kijitabu, akaona ni jambo la kufurahia kwamba masinagogi yaliwaka siku hiyo. Kufika mwaka 1945 Wayahudi wapata milioni sita walikuwa wameuawa. Sisemi kwamba Luther aliwaua. Lakini mpanzi hachagui nani atakayevuna, na mkono uliozoea kukitia motoni kitabu hukuta mwenye kitabu yu karibu.

Baada ya vita hiyo lilitukia jambo ambalo huniliwaza kila nilikumbukapo. Marabi waliosalimika katika makambi walitaka kufundisha tena, lakini katika Ujerumani yote ilikuwa taabu kupata Talmudi kamili. Wakaliomba jeshi la Marekani liwasaidie kuipiga chapa. Ikabidi nakala ya kunakiliwa iletwe kutoka Marekani. Talmudi hiyo, yenye tarehe ya mwaka 1948, vitabu 19 vikubwa, ilipigwa chapa Heidelberg, mji ule ule ambao chuo chake kiliulizwa mwaka 1510 kama vitabu hivyo vistahili kuwako. Na ndani yake nyumba ya Shamai bado inasema, na nyumba ya Hileli bado inajibu.

Nao Walutheri wametubu. Wajumbe wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni walipokutana na wajumbe wa Wayahudi huko Stockholm mwaka 1983, walisema wazi kwamba hawawezi kuyakubali wala kuyatetea mashambulio yale ya Luther. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani likasema kadhalika mwaka 1994. Ni vema. Lakini toba ya Kanisa zima haimalizi kazi mpaka ifike katika usharika wa mwalimu aliyeniandikia, kwenye sanduku la yule mzee.

Najua mtu atanijibu: "Mchungaji, je, hujasoma Matendo ya Mitume, mlango wa 19? Waefeso walivichoma vitabu vya uganga, vyenye thamani ya fedha elfu hamsini, wala Paulo hakuwakataza." Naam, nimesoma. Basi tusome vizuri. Ni nani waliochoma? Ni wenye vitabu wenyewe. Nani aliwaamuru? Hakuna. Walichoma mali yao kwa hiari yao, wakapata hasara yao wenyewe, na vilikuwa vitabu vya uchawi, ambao wao wenyewe waliujua kwa kuutenda. Waliochoma Paris walichoma mali ya wengine, kwa nguvu, bila hasara, na wengi wao bila kujua hata herufi moja iliyoandikwa. Tendo la kwanza ni toba. La pili ni unyang'anyi uliovikwa kanzu.

Mfano ufaao zaidi tutauona katika Yeremia, mlango wa 36. Mfalme Yehoyakimu alikaa mbele ya moto wakati wa baridi. Kila kurasa chache zilizosomwa, akazikata kwa kisu akazitupa motoni. Je, alishinda? Baruku aliyaandika maneno yale yote mara ya pili, tena mengine mengi yakaongezwa. Moto haukuonyesha kwamba kitabu ni cha uongo. Ulionyesha tu kwamba mfalme alikuwa na moto.

Tena mkumbukeni Gamalieli. Katika Matendo, mlango wa 5, yeye ndiye aliyelishauri baraza liwaache mitume: kazi yao ikiwa ya wanadamu itaanguka yenyewe, ikiwa ya Mungu hakuna awezaye kuiangusha. Paulo alilelewa miguuni pake. Sisi twajua habari zake chache tu kwa kitabu cha Luka. Lakini katika Mishna Gamalieli huyo amekumbukwa mara nyingi. Humo twasoma jinsi alivyomhurumia mwanamke ambaye mumewe amekufa mbali: akaruhusu aolewe tena kwa ushuhuda wa mtu mmoja, asikae kifungoni maisha yake yote kwa kukosa shahidi wa pili. Basi waliochoma yale magari 24 walidhani wanamtetea Kristo, kumbe walikuwa wakichoma ukumbusho wa mtu aliyewaokoa mitume wa Kristo. Hivi ndivyo apatavyo mtu achomaye asichokisoma. Hajui amemchoma nani.

Sasa nitaeleza kwa nini barua ya mwalimu ilinichoma moyo. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mchungaji kijana, nilikaa katika usharika mmoja wa pwani. Mzee mmoja alibatizwa. Alikuwa na vitabu viwili vilivyoandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Mimi herufi hizo sikuzijua. Wazee wa kanisa wakaniuliza, nami nikasema, "Chomeni." Tulivichoma uani pa kanisa, tukaimba. Mzee alisimama pamoja nasi, lakini hakuimba. Dada yake, ambaye hakubatizwa, alisimama mbali, mikono kichwani.

Kesho yake mtoto aliniletea nusu ya karatasi iliyopeperushwa na upepo. Niliitia katika Biblia yangu, nikaisahau. Mwaka ukapita, ndipo nilipomwonyesha mtu mmoja azisomaye herufi zile. Akaisoma, akaniambia, "Hii si habari ya dini. Ni Kiswahili. Ni majina ya watoto wa ukoo na siku walizozaliwa, na nani alikufa mwaka wa njaa, na madeni ya mpunga ambayo babu aliwasamehe jirani zake." Jina la mwisho katika karatasi ile lilikuwa jina la yule mzee mwenyewe, la kwanza, alilopewa na baba yake. Nikaenda kumrudishia. Nikamkuta amekwisha kuzikwa. Nikampa dada yake. Aliipokea kwa mikono miwili, wala hakuniambia neno.

Hata leo sijui kitabu cha pili kilikuwa na nini. Hakuna atakayejua.

Basi, mwalimu wangu, nakujibu hivi. Kwanza, mwulize mzee mwenyewe, faraghani, si mbele ya baraza. Kunyamaza kwake si kukubali. Pili, mtafute mtu azijuaye herufi hizo awasomee yaliyomo, kwa maana si halali kumhukumu mtu wala kitabu bila kusikiliza. Tatu, ikiwa mzee apenda viende kwa jamaa yake au kwa jirani wanaoviomba, wapelekeeni kwa heshima, vimefungwa katika kitambaa safi, nanyi mtakuwa mmehubiri mahubiri ambayo mimi nilishindwa kuyahubiri uani pale. Ikiwa apenda kuviweka kwa kumkumbuka baba yake, na aviweke. Ikiwa mna kitu cha uchawi, naye mwenyewe aona vema kukiteketeza, hilo ni lake na Mungu wake. Ninyi msilete kuni wala msiimbe. Ubatizo wake ni ishara ya kutosha kwamba ameyaacha ya kale. Hauhitaji moto juu yake.

Wala mtu asidhani nafundisha kwamba mafundisho yote ni sawa. Sivyo. Kila Jumapili napanda mimbarani kwa sababu naamini sivyo. Panapo tofauti, tuseme kwa kinywa, tujadiliane, tuandike, tuombe. Reuchlin hakuukana ubatizo wake alipovitetea vitabu vya wasiobatizwa. Nami naona kwamba mtu aliye na hakika ya imani yake aweza kuliacha neno la mpinzani wake liandikwe kando ya lake, kama nyumba ya Hileli walivyofanya. Mwenye shaka ndiye atafutaye kiberiti.

Walimu, nawaombeni jambo moja zaidi. Mnapofungua Agano la Kale kuwasomea watoto, waambieni mara moja kwa mwaka ni nani waliotutunzia kitabu hicho, wakihesabu maneno yake, huku vitabu vyao vingine vikichomwa na watu wa imani yetu. Waambieni yote mawili. Kisha wafundisheni amri ya nane.

Mungu na atusamehe tuliyoyachoma bila kuyajua, naye atupe subira ya kusoma.

Ndimi ndugu yenu katika kazi ya Bwana.